Simu zilipokufa, mlima ulisema

Je, msomaji, umewahi kuitazama simu yako ukakuta alama za mtandao zimetoweka zote? Wengi wetu mjini hunung'unika kwa dakika tano, mtandao ukarudi, tukasahau. Sasa hebu fikiria kwamba haurudi. Leo haurudi, kesho haurudi. Stima imekatika, mfereji hautoi hata tone, daraja limesombwa na maji, na hujui kama nyanya yako aliye ng'ambo ya mto yu hai au la.

Hivyo ndivyo walivyojikuta wakazi wa milima ya magharibi mwa jimbo la North Carolina, Marekani, siku ya Ijumaa, Septemba 27, 2024, kimbunga kilichopewa jina Helene kilipowapitia. Katika siku hizo za kiza, kulikuwa na sauti iliyoendelea kusikika. Haikuwa ya serikali wala ya kampuni ya simu. Ilikuwa ya wanaredio wa ridhaa, yaani watu wa kawaida wanaozungumza kwa redio za mawasiliano kwa kupenda tu, bila malipo. Sauti hiyo ilipitia katika mtambo mmoja ulio juu ya milima.

Leo, msomaji, tufunge safari tukauone mlima huo, tusikilize na yale yanayosemwa hewani. Huenda ukarudi ukiitazama simu yako kwa jicho jingine.

Njia ya kupanda

Safari huanzia Asheville, mji ulio bondeni, umezungukwa na milima pande zote. Bahari iko mbali, zaidi ya kilomita 300, na ndiyo sababu wengi waliamini kwamba vimbunga ni taabu ya watu wa pwani. Mito miwili, French Broad na Swannanoa, hukutana hapo hapo mjini. Watalii hufika kuliona jumba la Biltmore, lenye vyumba 250, lililofunguliwa na tajiri George Vanderbilt mwaka 1895.

Ukitoka mjini unashika barabara iitwayo Blue Ridge Parkway. Ujenzi wake ulianza mwaka 1935, nayo hufuata migongo ya milima kwa kilomita zipatazo 755. Malori ya biashara hayaruhusiwi humo, na hutaona kituo cha petroli wala bango la tangazo. Basi jaza tangi kabla hujaondoka. Mwendo ni wa pole, kona baada ya kona, ukungu ukiingia na kutoka msituni kama moshi wa jikoni.

Baada ya mwendo wa takriban saa moja unachepuka kushoto, unapanda tena, na ghafla miti inabadilika. Ile ya majani mapana inabaki chini, na mahali pake panashikwa na misonobari myeusi, iliyopindwa na upepo. Umefika Mlima Mitchell, wenye urefu wa mita 2,037. Mkazi wa Nyahururu atacheka akisikia hivyo, maana mji wake uko juu zaidi ya kilele hicho! Lakini katika Marekani yote iliyo mashariki ya mto Mississippi, hakuna mlima unaoushinda huu. Mwaka 1915 ulifanywa hifadhi ya kwanza ya jimbo la North Carolina.

Hapo kileleni kuna kaburi. Aliyelala humo ni Elisha Mitchell, profesa wa Chuo Kikuu cha North Carolina, ambaye mwaka 1835 aliupima mlima huu kwa kutumia kipimahewa. Baadaye aliyekuwa mwanafunzi wake, mwanasiasa Thomas Clingman, alidai kwamba kilele kirefu zaidi ni kingine. Mzee Mitchell, akiwa na umri wa miaka 63, alirudi mwaka 1857 kuthibitisha hesabu zake. Akiwa peke yake msituni, aliteleza akaanguka kwenye maporomoko ya maji, akafa. Siku kadhaa zilipita watu wakimtafuta, hadi mwindaji mmoja wa dubu, aliyejulikana kama Big Tom Wilson, alipozifuata nyayo zake na kuuona mwili.

Yaweke hayo moyoni, msomaji. Katika milima hii mtu anaweza kupotea umbali mfupi tu kutoka kwa wenzake, na asisikiwe.

Bendi ya mita mbili

Sasa tuje kwenye redio. Ukizungusha kitufe cha redio yako ya nyumbani katika FM, namba zinakoma kwenye 108. Juu ya hapo kuna masafa ya marubani wa ndege. Ukiyapita hayo unafika megahezi 144, na hapo ndipo inapoanzia bendi ambayo wanaredio wa ridhaa huiita mita mbili, kwa kuwa wimbi moja lake lina urefu wa karibu mita mbili. Nchini Marekani bendi hiyo ni kuanzia 144 hadi 148. Kwetu Afrika, kama ilivyo Ulaya, ni kuanzia 144 hadi 146.

Bendi hii inapendwa kwa sababu haihitaji makuu. Eriali yake inaweza kuwa fupi kama mkono. Redio yake ni ile ya kushikwa mkononi, tunayoiita wokitoki au simu ya upepo, yenye nguvu ya wati 5 hivi. Siku hizi zipo za kutoka China zinazouzwa kwa chini ya dola 30.

Lakini ina udhaifu wake. Mawimbi ya mita mbili husafiri karibu katika mstari ulionyooka, kama mwanga wa tochi. Mlima ukisimama katikati, hayapiti. Mtu aliye katika bonde moja hawezi kumsikia jirani yake aliye bonde la pili, hata kama ni kilomita nne tu.

Dawa yake ni kuweka mtambo juu ya mlima. Mtambo huo huitwa ripita. Husikiliza katika masafa fulani, na papo hapo hurudia yote uliyosema katika masafa mengine, kwa nguvu zaidi na kutoka juu. Ripita ya Mlima Mitchell hurudia sauti katika megahezi 145.190, nayo husikiliza katika 144.590. Mfano wake ni mpiga mbiu aliyesimama juu ya kilima. Wewe unamnong'onezea kutoka bondeni kwako, naye anapaza sauti hadi mabonde yote yasikie. Hivyo redio ndogo ya mkononi, ambayo peke yake haifiki mbali, inaweza kusikika wilaya kadhaa kwa mpigo mmoja.

Wanasema nini hewani?

Ukiketi siku ya kawaida na kusikiliza masafa kama hayo, waweza kudhani watu hawana kazi. Mmoja yuko njiani kwenda kibaruani, anaeleza msongamano wa magari. Mwingine amestaafu, anazungumzia nyanya zake zilizoliwa na sungura. Mwingine amenunua redio mpya na anauliza kama sauti yake inatoka vizuri. Kila mtu hutaja herufi na tarakimu zake za utambulisho alizopewa na serikali, na wanapoagana husema "sabini na tatu", ishara ya salamu njema iliyorithiwa kutoka kwa wapiga simu za maandishi wa karne ya 19.

Kuna adabu zake pia. Kwanza sikiliza kabla ya kusema. Kisha, mwenzako akimaliza, usidakie mara moja. Acha nafasi ya kupumua, ili mtu mwenye dharura aweze kuingia. Usipige muziki, usifanye biashara, wala usizungumze kwa lugha ya mafumbo iliyokusudiwa kuwaficha wengine.

Jioni fulani za wiki kuna vikao rasmi. Msimamizi mmoja huita majina, na kila aliyepo hujibu kwa zamu, mfano wa baraza la chifu, ila hakuna anayeona uso wa mwenzake. Mgeni akijitambulisha hukaribishwa na kuulizwa atokako. Mara nyingi hakuna habari kubwa ya kutoa. Mtu hujibu "nipo, sina la kusema," na jina lake likaandikwa.

Bendi hiyo hiyo ina matumizi mengine mengi leo. Katika megahezi 144.390 hutasikia sauti za watu bali mlio mfupi wa data, ambao huonyesha kwenye ramani mahali gari au mpanda mlima alipo. Wapo wanaojitolea kuripoti mvua ya mawe na upepo mkali kwa idara ya hali ya hewa. Wapo wanaokwea vilele vya milima wakiwa na redio mgongoni na kuwaita wenzao kwa 146.520, wakihesabu pointi, mchezo ulioanzia Uingereza mwaka 2002 na kuenea nchi nyingi. Hata angani hutumika. Wanaanga walio katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzungumza na wanafunzi wa shule kupitia 145.800, na wamefanya hivyo tangu mwaka 2000. Kituo hicho kinapopita juu yako, husikika kwa muda usiozidi dakika kumi hivi, kisha kinazama upande wa pili wa dunia.

Pamoja na hayo yote, wazee wa redio wamekuwa wakilalamika. Simu za mkononi zimewachukua vijana, na ripita nyingi hukaa kimya kutwa nzima. Masafa yasiyotumiwa ni kama shamba lisilolimwa; hayakosi wa kuyamezea mate. Mwaka 2019 Ufaransa ilipendekeza kwamba megahezi 144 hadi 146 zichunguzwe kwa matumizi ya vyombo vya ndege. Wanaredio wa Ulaya walipinga kwa kauli moja, na mwaka huo huo pendekezo hilo likaachwa. Hata hivyo swali lilibaki: ya nini kuwaachia watu hewa yote hiyo ili wazungumzie sungura na nyanya?

Helene walilijibu swali hilo.

Siku ya gharika

Kimbunga Helene kiligonga pwani ya Florida usiku wa Septemba 26, 2024. Kufikia asubuhi kilikuwa kimekwisha kuingia milimani, ambako mvua nyingine ilikuwa imenyesha kabla yake na udongo ulikuwa umeshiba maji. Busick, kijiji kilicho chini ya Mlima Mitchell, kilipata zaidi ya inchi 30 za mvua katika siku tatu, yaani zaidi ya milimita 760. Hiyo ni karibu mvua ya mwaka mzima katika sehemu nyingi za Kenya.

Mto French Broad pale Asheville ulipanda hadi futi 24 na ushei, ukavunja rekodi iliyowekwa na mafuriko ya mwaka 1916. Milima iliporomoka. Barabara kuu ya kuelekea Tennessee ilimegwa na mto, ikafunguliwa tena kwa sehemu tu Machi 2025. Mabomba makubwa ya maji ya mji yalikatika, na wakazi hawakupata maji ya kunywa ya mfereji hadi Novemba 18. Katika jimbo hilo peke yake zaidi ya watu 100 walifariki.

Simu je? Minara ya simu inahitaji umeme na nyaya za kuipeleka sauti mbele. Umeme ulikatika, na nyaya nyingi zilifuata kando ya barabara zile zile zilizosombwa. Katika wilaya zilizoathirika, zaidi ya nusu ya minara ilizima. Mtu aliweza kuwa na simu ya bei ghali yenye chaji tele, na isimfae kitu.

Lakini pale 145.190 kulikuwa na sauti. Watu wale wale wa sungura na nyanya walishika usukani. Mmoja alisimamia, wengine wakajibu kwa zamu, na mmoja alipochoka mwingine akapokea. Daraja gani limebaki? Njia gani inapitika kwa gari la kawaida? Wapi kuna petroli, wapi kuna maji? Fulani wa bonde fulani hajasikika, je, kuna aliye karibu aende akamtazame? Mgonjwa wa sukari amebakiwa na insulini kidogo. Mzee anayetumia oksijeni, mtungi wake unakaribia kwisha. Ujumbe ulipokelewa, ukaandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, ukapelekwa kwa waokoaji na marubani wa helikopta.

Walikuwepo pia wasio na kibali cha kuzungumza, waliowasha redio zao wakasikiliza tu. Hata hao walifaidika, kwa kuwa jambo gumu kuliko njaa katika siku kama hizo ni kutojua. Mtu aliyesikia kwamba barabara iliyo mbele imekatika hakupoteza petroli yake ya mwisho. Aliyesikia jina la kijiji cha mamake likitajwa kuwa watu wake wako salama, alilala usiku huo.

Siri haikuwa mtambo

Waweza kusema, msomaji, kwamba mtambo ndio uliowaokoa. Ni kweli kwa upande mmoja. Ripita iliyowekwa mahali pa juu, yenye nguvu ya akiba umeme unapokatika, haitegemei nyaya za bondeni. Redio ya mkononi huchajiwa kwa betri ya gari au kwa sola. Hakuna kampuni katikati, hakuna salio la kununua.

Lakini mtambo peke yake ni chuma tu. Mtu akikupa leo redio bora kuliko zote, na gharika ije kesho, utamwita nani? Utatumia masafa gani? Utajuaje kwamba anayekujibu anaijua njia anayoielekeza? Waliokuwa hewani siku ile walikwisha kuzoeana. Msimamizi alizijua sauti za wenzake kabla hawajajitaja. Alijua nani anakaa bonde gani, nani ana gari la kupanda matope, nani alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu. Hayo hayakuandikwa katika kitabu chochote. Yalijengeka polepole kwa miaka mingi, katika yale mazungumzo tuliyoyaona kuwa ya bure. Na ile adabu ya kuacha nafasi kabla ya kujibu, ambayo siku ya kawaida huonekana kama mbwembwe, siku hiyo ilikuwa mlango wa mtu anayezama.

Kwa hiyo yule aliyekuwa akijibu kila wiki "nipo, sina la kusema" hakuwa akipoteza wakati. Alikuwa akiweka akiba.

Ukitaka kwenda, na ukitaka kujifunza

Ukijaliwa kufika huko, au una ndugu anayesoma Marekani, ulizia kwanza kama barabara ya juu iko wazi. Helene iliifunga hifadhi ya Mlima Mitchell kwa miezi mingi, na theluji huifunga barabara hiyo mara kwa mara majira ya baridi. Beba sweta hata Julai. Siku isiyo na ukungu, panda mnara wa kutazamia ulio kileleni uyahesabu mabonde. Hapo ndipo utakapoelewa kwa macho yako kwa nini sauti inayotoka juu hufika kote, na ile ya bondeni haifiki popote.

Huko Marekani mtihani wa ngazi ya kwanza una maswali 35, na anayepata 26 hufaulu. Hakuna umri uliowekwa, na watoto wa shule ya msingi wamewahi kuufaulu. Kujua alfabeti ya Morse, ile ya nukta na vistari iliyowatisha wengi zamani, hakuhitajiki tena tangu mwaka 2007.

Na sisi je? Wanaredio wa ridhaa wapo hapa Kenya, nao hutambulika duniani kwa alama inayoanza na 5Z4. Kibali hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Usinunue wokitoki barabarani ukaanza kupayuka. Kuzungumza hewani bila kibali ni kosa, na unaweza kuingilia masafa ya watu walio kazini. Kwa mwanafunzi anayependa fizikia, hii ni njia nzuri ya kuyaona mawimbi ya kitabuni yakifanya kazi.

Wala tusidhani kwamba gharika ni hadithi za ng'ambo. Mwaka huo huo wa 2024, usiku wa kuamkia Aprili 29, maji yalishuka kwa ghafla Mai Mahiu, yakachukua nyumba na makumi ya watu wakiwa usingizini. Wiki hizo hizo mitaa ya Nairobi iliyo kando ya mito ilifurika. Sisi nasi tuna mabonde, tuna milima, na tuna simu zinazotegemea stima.

Si lazima kila familia iwe na redio. Lakini kila familia yaweza kuuliza maswali ambayo watu wa North Carolina waliyajibu wakiwa wamelowa: simu ikifa, tutakutana wapi? Jirani gani anajua kwamba shosho hawezi kutembea? Nani mtaani ana gari, nani ana dawa? Na je, tumewahi kuwasalimu watu hao siku ambayo hatuna shida?

Wahenga walisema akiba haiozi. Salamu nazo ni akiba, msomaji. Jumapili hii, bisha hodi kwa jirani.